Maonjo Arobaini na Moja

Kiwanda cha mablanketi kina wafanyakazi mia tatu na ishirini, na ukimuuliza yeyote kati yao bosi ni nani, atakutajia meneja kwa heshima zote. Lakini saa sita na nusu mchana, mashine zikishanyamaza na masikio yakiwa bado yanavuma, meneja huyo huyo hupanga foleni kwenye dirisha la kantini, sahani mkononi, na anayempakulia ni Mama Mwiko. Hajawahi kuuliza kwa nini leo nyama ni vipande viwili. Sasa wewe amua mwenyewe bosi ni nani.

Jina la Mama Mwiko hakujipa. Alipewa na wafumaji miaka ishirini na saba iliyopita, kwa sababu ule mwiko mrefu wa mbao, unaomfika begani ukiusimamisha, hakumwachia mtu. Alianza kwa kusugua masufuria, akapanda hadi kumenya viazi, akakabidhiwa wali, na siku mpishi mkuu wa zamani alipostaafu hapakuwa na mkutano wala barua ya maombi. Alipewa funguo za stoo pale pale mbele ya meko, mambo yakaisha.

Sifa yake ilikuwa ulimi. Wapishi wengine hupima. Yeye alikuwa anaonja. Alichota mchuzi kwa ncha ya upawa, akaumwaga kiganjani, akaulamba wote, akafumba jicho moja, kisha akasema "bado" au "tayari". Hakuna aliyembishia. Mpakiaji mmoja wa ghalani, mwanamume mpana kama kabati ambaye kila mtu humwita Tani, aliwahi kulalamika kwa sauti kwamba mchuzi umepooza. Mama Mwiko alitoka nyuma ya dirisha, akamfuata mezani, akaonja kwenye sahani yake mbele ya watu na kumwambia, "Chumvi ipo, baba. Ulimi wako ndio umechakaa kwa sigara." Tani alikula kimya wiki nzima.

Mwanamke wa namna hiyo ukimwambia ni mgonjwa, anakutazama kama umemtukana. Presha iligunduliwa alipokuwa na miaka hamsini na minane, katika ule upimaji wa kila mwaka ambao kiwanda huwafanyia wafanyakazi wake. Haumwi kichwa, haoni kizunguzungu, anabeba kreti la nyanya kwa mkono mmoja, na mashine inasema mia moja sitini na tano. Aliiambia mashine ikapimwe yenyewe kwanza.

Muuguzi wa zahanati ya kiwanda ni msichana mwembamba, rika la kitinda mimba wa Mama Mwiko, na chumba chake ni kile kidogo karibu na geti chenye kitanda kimoja na harufu ya spiriti. Alikuwa mvumilivu kuliko umri wake. Alimweleza kwamba mishipa ya damu huzeeka pamoja na mwenyewe. "Mama, ule mpira wa maji wa kuoshea sakafu, ulipokuwa mpya si ulikuwa laini?"

"Laini kabisa."

"Na sasa?"

"Umekakamaa. Ukifungua bomba unaruka kama umepagawa."

"Ndiyo hivyo. Mishipa ikikakamaa, damu inapita kwa kusukumana. Na hutasikia maumivu yoyote. Inachakaza moyo, figo na macho kimya kimya, halafu siku moja inapiga kichwani."

Hilo la mwisho Mama Mwiko hakuhitaji kufafanuliwa. Mama yake mzazi alipata kiharusi akiwa anakunja nguo, na aliishi miaka minne baada ya hapo bila kuweza kutaja jina la mtoto wake hata mmoja. Ni Mama Mwiko aliyekuwa akimlisha. Kwa hiyo vidonge alivipokea. Mwaka wa kwanza alivitumia kama watu wanavyotumia dawa ya kichwa: akijisikia vibaya anameza, akijisikia vizuri anaviweka kabatini vipumzike. Muuguzi alipogundua alimkalisha kitako, wakaelewana, na tangu siku hiyo anameza kimoja kila asubuhi baada ya kupiga mswaki, bila kukosa. Ukitaka kumkasirisha, mwambie amekosa siku.

Sasa ana miaka sitini na mmoja, na mwaka huu ndipo mambo yalipoharibika. Katika upimaji mashine ilisoma mia moja sabini na mbili. Daktari wa kampuni aliandika barua, na Bwana Utumishi akamwita ofisini. Bwana Utumishi ni mtu mpole mwenye tai fupi, na amekula mapishi ya Mama Mwiko kwa miaka kumi na mmoja. Alizungusha kalamu, akasafisha miwani, akaulizia afya ya mzee nyumbani, hadi mwenyewe akachoka.

"Mwanangu, sema. Maharage yangu yako motoni."

"Mama, daktari anasema mtu mwenye presha ya namna hii hapaswi kusimama kwenye masufuria ya lita mia. Ukianguka pale..." Akaifungua barua ya daktari. "Amekupa miezi mitatu. Ikishuka chini ya mia na arobaini, unaendelea mpaka siku yako ya kustaafu. Isiposhuka, tutakuhamishia stoo ya vyombo. Mshahara ni ule ule."

"Nikahesabu sahani?"

"Kazi ni nyepesi, Mama."

Alitoka bila kuaga. Miaka ishirini na saba amelisha watu, halafu amalizie kwa kuhesabu sahani walizolia watu chakula cha mpishi mwingine! Nasema wazi kwamba alilia. Alilia ndani ya stoo ya unga, mlango ameufunga, na alipotoka alikuwa mweupe hadi kwenye nyusi, na wapishi wenzake wakajitia hamnazo.

Nyumbani alitangaza vita. Mume wake, dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache na masihara mengi, hakuulizwa maoni. Kopo la chumvi likaondolewa mezani, likaondolewa jikoni, likapewa jirani. Mayai yalichemshwa hivi hivi. Viazi hivi hivi.

"Mama watoto," mzee alisema siku ya tatu, akikitazama kiazi, "mimi na wewe tumekula chumvi nyingi, watu wote wanajua. Sasa ndiyo tunairudisha?"

"Kula."

Alikula. Na kila alfajiri walitembea pamoja nusu saa, mzee akilalamika mlimani kama anatafuta gia, yeye mbele. Alipungua kilo tatu. Vidonge alimeza. Chai alikunywa ya rangi, bila hata sukari. Baada ya mwezi mmoja akaenda zahanati kifua mbele, akakaa akisubiri kupongezwa.

Mia moja sitini na sita.

Muuguzi alimpima tena mkono wa pili, ikawa mia moja sitini na nane. Akafungua kile kitambaa cha mashine mkononi taratibu. "Mama, niambie ukweli. Chumvi umeacha kweli?"

Hapo Mama Mwiko alikuja juu. Alisema mengi, na mengine sitayaandika. Kiini chake kilikuwa hiki: kwamba yeye hajawahi kumdanganya mtu, kwamba kukonda kwa mume wake ni ushahidi tosha, na kwamba mtoto anayemwita mtu mzima mwongo hakulelewa. Msichana alimwacha amwage yote, kisha akasema kwa adabu, "Nisamehe, Mama. Nakuamini. Basi kuna kitu hatukioni sote wawili. Kesho niruhusu nije nikae jikoni kwako, asubuhi hadi chakula kitoke."

"Njoo. Ila usiguse kitu."

Alikuja saa moja kamili, koti jeupe na daftari, akaketi juu ya kreti karibu na ndoo za vitunguu. Mkononi alikuwa na bakuli la bati aliloazima kwa mpishi wa pili, mwanamume mmoja anayeitwa Haraka kwa sababu hajawahi kumaliza kukata kitu kabla hajaanza kingine. Siku hiyo palikuwa na masufuria sita: mawili ya maharage, moja la nyama, moja la kabichi, mawili ya wali. Mama Mwiko alimsahau mgeni kabla maji hayajachemka. Alizunguka meko kama kawaida yake, upawa mkono wa kulia, kiganja cha kushoto tayari. Anachota, anamwaga, analamba, anafumba jicho. "Bado." Sufuria la pili. "Bado." Anaongeza. Anarudi la kwanza.

Kila alipolamba, muuguzi alichora mstari daftarini na kumpa Haraka ishara, na Haraka akachota kiasi kile kile kutoka sufuria lile lile na kukimimina kwenye bakuli. Bakuli likajaa. Wakatafuta jingine.

Saa sita na robo kila kitu kilikuwa tayari. Mama Mwiko alifuta mikono kwenye aproni na kumkumbuka mgeni wake. "Haya, umeona nini?"

"Mama, leo umekula nini tangu asubuhi?"

"Sijala. Chai ya rangi na kipande cha mkate nyumbani. Mpishi hali mpaka watu washibe."

"Na umeonja mara ngapi?"

"Kuonja? Mara tatu, nne."

"Mara arobaini na moja." Muuguzi alimsogezea mabakuli mawili, moja limejaa hadi ukingoni, la pili nusu. "Hiki ndicho ulichokunywa. Na bado hujakula."

Haraka alishuhudia kwa kichwa, maana kwa mdomo hakuthubutu.

Mama Mwiko aliyatazama yale mabakuli. Si kwamba alikuwa amedanganya, hilo lieleweke. Muulize mpishi yeyote aliyekaa jikoni miaka mingi kama kuonja ni kula, atakucheka. Kuonja ni kazi, kama vile fundi seremala anavyopitisha kidole kwenye ubao. Nyumbani hakugusa chembe ya chumvi, kumbe kazini alikuwa anajimiminia bakuli moja na nusu ya mchuzi wenye chumvi ya kutosha kuwaridhisha watu mia tatu wanaotoka jasho, siku tano kwa wiki, miaka ishirini na saba. Akaketi kwenye kreti la muuguzi. Aliona aibu. Kisha akaona nafuu, kwa sababu ukweli wake ulikuwa umesimama. Kisha hofu ikaingia, nayo ikashinda vyote viwili.

"Mwanangu," alisema polepole, "mimi nisipoonja, ninapikaje?"

Muuguzi alitazama masufuria, kisha daftari lake. Hakuwa mpishi.

Njia rahisi ilikuwepo: Haraka aonje. Lakini Haraka, Mungu ambariki, ana mikono mizuri na ulimi wa kiatu. Angeonja maji ya sabuni akasema yanahitaji kitunguu. Na hata kama angekuwa na ulimi wa dhahabu, mpishi mkuu anayeonjewa ni mpishi mkuu wa jina tu. Siku hiyo alasiri Mama Mwiko aliketi kibarazani na mumewe akamweleza yote. Mzee alikuna goti.

"Nikiendesha lori," alisema, "mwaka wa kwanza nilikuwa naangalia kila saa kile kisahani cha mwendo. Mwaka wa kumi nilikuwa nasikia tu injini. Wewe bado unaangalia?"

Aliingia ndani kuvaa kanga nyingine. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Jumatatu iliyofuata alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe funguo: alipima. Kwenye sufuria moja la maharage mkono wake, kumbe, ulikuwa unatia kiasi cha vikombe vitatu vya chumvi. Akajaza vitatu, kisha kwa kijiko cha supu akatoa vijiko viwili na kuvirudisha guniani. Vijiko viwili tu katika lita mia. Hata mchawi asingejua. Jumatatu ya pili akatoa vinne. Ya tatu, sita. Vile viungo vya pakiti vya kuongeza ladha, ambavyo ndani ni chumvi yenye jina zuri, alivipunguza siku hiyo hiyo, na baada ya wiki chache vikaisha kabisa. Mahali pake aliweka kazi. Vitunguu alivikaanga moto mdogo hadi vikawa rangi ya kahawia, jambo linalochukua dakika arobaini ambazo Haraka hana. Saumu aliponda mwenyewe. Limau liliingia mwisho, moto ukishazimwa. Na kuonja alijiwekea mara moja tu kwa kila sufuria, kijiko cha chai, chakula kikiwa tayari. Zaidi ya hapo alisikiliza na kunusa. Maharage yaliyoiva hutoa sauti nzito. Kabichi ikikaribia kuiva kupita kiasi hubadilisha harufu. Alikuwa anayajua haya yote siku nyingi bila kujua kwamba anayajua.

Wiki ya kwanza mkono wa kushoto ulikuwa unakwenda wenyewe. Anashtukia kiganja kiko wazi mbele ya sufuria. Mwishowe alikifunga leso, na walipomuuliza akasema ameungua.

Kilichomtisha si presha tena, bali dirisha. Kila saa sita na nusu alisimama akipakua na kutazama nyuso, akingoja wa kwanza kukunja pua. Wafumaji wanawake walikula wakaondoka. Makarani walikula. Wiki ya tano Tani alipiga kijiko cha kwanza cha mchuzi, akaacha kutafuna, akageuka kutazama dirishani. Moyo wa Mama Mwiko ulipiga, na kama angepimwa dakika ile, angepelekwa stoo ya vyombo bila mjadala.

"Mama! Leo umeweka nini humu?"

"Kwani vipi?"

"Kuna utamu fulani hivi."

"Kula, baba," akasema, na akainama chini ya meza kutafuta upawa ambao alikuwa ameushika.

Ulimi nao ulianza kuamka. Wiki ya saba alialikwa kwa jirani, yule aliyepewa kopo, akatia tonge mdomoni na nusura aliteme. Ilikuwa kama kumeza maji ya bahari. Chakula kile kile alikuwa akikisifu kila mwaka. Alirudi nyumbani akamwambia mzee kwamba maisha yake yote alikuwa akisikia nusu ya ladha, na alikasirika kweli kweli, kama mtu aliyegundua amedhulumiwa.

Siku ya mwisho ya miezi mitatu ilipofika, masufuria yalikuwa kwenye vikombe viwili kasoro kidogo. Alienda zahanati saa mbili asubuhi. Muuguzi alimtuma kwanza msalani, kisha akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, dakika tano bila neno. Bwana Utumishi alikuwa amesimama mlangoni na barua mbili kwenye bahasha, maana hakujua atatoa ipi. Mashine ilivimba, ikakoroma, ikalegea.

Mia moja thelathini na nne kwa themanini.

"Tena," Mama Mwiko akaamuru. Hakutaka zawadi.

Mia moja thelathini na mbili kwa sabini na nane. Muuguzi aliandika, na mwandiko ukaenda upande kwa sababu alikuwa anacheka na kulia. Mama Mwiko yeye alikaa wima tu, mikono magotini, na fahari imemjaa mpaka kwenye shingo. Nami namwonea fahari hata sasa ninaposimulia. Bwana Utumishi aliichana barua moja pale pale na kuitia mfukoni.

"Vidonge unaendelea navyo, Mama," muuguzi alisema. "Haijapona. Umeitawala tu, na ukiiachia kamba inarudi."

"Nimetawala masufuria miaka ishirini na saba. Nitashindwa na hii?"

Angeweza kuishia hapo. Watu wengi wangeishia hapo. Lakini mchana ule, foleni ikiwa imejaa, aliona ni wizi kupokea sifa za watu wasiojua wanachosifu. Akagonga mwiko juu ya sufuria mara tatu, kantini nzima ikanyamaza.

"Sikilizeni. Miezi hii nimewapunguzia chumvi. Zaidi ya kikombe kizima kwa kila sufuria. Sikuwauliza. Nina presha, na nilikuwa naipika mwenyewe na kuilamba kila siku, na ninyi nilikuwa nawapakulia hiyo hiyo. Mwenye neno aje hapa dirishani aniambie."

Makelele yakalipuka. Mmoja alisema ndiyo maana, mwingine akasema aache uongo, mfumaji mmoja akadai yeye alijua tangu zamani, akazomewa. Katikati ya vurugu Tani aliinuka. Watu wakampisha, maana alikuwa anakwenda dirishani na wote walikumbuka kisa cha sigara.

Alifika, akaegemea kwa viwiko, akasema kwa sauti ndogo ambayo mwili ule haukufanana nayo, "Mama. Na mimi ninayo. Mwaka wa pili sasa. Mke wangu sijamwambia, nyumbani tunakula kama kawaida." Akatazama nyuma, akageuka tena. "Huyo mke wangu, unaweza kumfundisha kupika hivi?"

"Mkeo ana kosa gani?" Mama Mwiko alimwambia. "Kamwambie leo, tena kabla hujavua viatu. Halafu Jumamosi saa moja uje wewe. Una mikono miwili."

Tani alikuja Jumamosi, na nyuma yake walikuwepo wengine kumi na wanne, wanaume watupu, kila mmoja na kisu chake, wamesimama kwenye mlango wa jiko bila kujua waingie vipi. Mama Mwiko aliwahesabu kwa macho. Kisha akawaonyesha gunia la vitunguu.